Mkataba wa Barabara Umekwama: Dalili, Visababishi na Pa Kuanzia

Barabara ikichelewa, lawama humfikia mkandarasi kabla mtu hajafungua faili. Redioni anatajwa yeye, barazani anatajwa yeye, na kiongozi akija kukagua husimama mbele ya greda lililolala na kumnyooshea kidole. Mara nyingine anastahili. Lakini ukifuatilia tarehe za barua, mara nyingi utakuta tatizo lilianza upande wa serikali: ardhi haikukabidhiwa, michoro haikutolewa, au fedha hazikulipwa. Mambo hayo matatu ni wajibu wetu tunaosimamia mikataba kwa niaba ya umma nchini Uganda. Kwa hiyo katika karibu kila dalili iliyo hapa chini, ukaguzi wa kwanza unaanzia kwenye meza yetu wenyewe.

Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa mkataba aliyeteuliwa na afisa masuuli (mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi), mhandisi wa wilaya, na yeyote anayepokea simu kijiji kinapofunga njia. Umepangwa kwa dalili jinsi watu wanavyoziripoti, na chini ya kila dalili kisababishi kinachoonekana mara nyingi zaidi kinatangulia.

Kabla ya kutafuta kosa popote, weka mezani mkataba uliosainiwa pamoja na masharti yake maalumu, ratiba ya kazi iliyokubaliwa mara ya mwisho, shajara ya kila siku ya eneo la kazi, daftari la barua zilizoingia na kutoka, na vipimo vya kazi iliyofanyika. Kimoja kikikosekana, kitafute kwanza. Miradi mikubwa yenye fedha za wafadhili hutumia masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na mingi ya wilaya hutumia nyaraka za PPDA, mamlaka ya ununuzi wa umma. Siku na vifungu ninavyotaja vinatoka katika Kitabu Chekundu cha FIDIC cha 1999. Masharti maalumu ya mkataba wako yakisema tofauti, fuata yako.

Jambo moja zaidi kwa mikataba ya barabara kuu: UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilivunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi zake zikarudi Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Kagua barua zinakwenda kwa nani na kwa anwani ipi. Notisi iliyopelekwa kwenye ofisi isiyokuwepo tena huzaa ugomvi wa tarehe ambao haukuwa na sababu ya kutokea.

Dalili ya 1: Mitambo imeegeshwa, kazi imesimama

Kisababishi cha kwanza ni ardhi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo miradi mingi inapoumia.

Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inataka mwenye mali alipwe fidia ya haki, na kwa wakati, kabla serikali haijachukua ardhi yake. Wapo waliodhani sheria ya zamani ya utwaaji wa ardhi ingewaruhusu kuingia kwanza na kulipa baadaye. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliifunga njia hiyo, katika kesi iliyotokana na barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya. Tangu hapo, mwajiri (yaani serikali iliyotoa mkataba) anayemsukuma mkandarasi aingize tingatinga kwenye shamba ambalo halijalipwa anamtuma avunje Katiba, na bili ya kesi itarudi kwa umma.

Ukaguzi rahisi: chora barabara nzima kwa mstari mmoja, kilomita kwa kilomita, kisha uipake rangi tatu. Rangi ya kwanza ni kwa sehemu ambazo watu wamelipwa na wameondoka. Ya pili ni kwa sehemu zilizothaminiwa bila kulipwa, na ya tatu kwa zile zenye mgogoro. Tembea nayo ukiwa na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kila kijiji, kwa kuwa karatasi za ofisini mara nyingi zinasema mtu amelipwa wakati yeye bado anangoja ujumbe wa benki. Utaona jambo ambalo ripoti za mwezi hulificha: pengine asilimia 60 ya ardhi iko huru, lakini imekatikakatika, kilomita mbili huku na tatu kule. Mkandarasi hawezi kufanya kazi namna hiyo. Kila akiruka sehemu, lazima apakie mitambo kwenye lori la kubebea, na gharama hiyo ataidai.

Ukikuta rangi ya pili imejaa, uliza uthamini ulifanyika lini na kama Mthamini Mkuu wa Serikali ameuidhinisha. Viwango vya mazao na nyumba zisizo za kudumu hutolewa na bodi za ardhi za wilaya. Ripoti ikikaa muda mrefu, viwango vimebadilika, migomba imeongezeka, na familia imepaua chumba kingine. Watu watakataa hundi ya bei ya zamani, na hawana kosa.

Ukikuta rangi ya tatu, angalia aina ya umiliki. Kwenye mailo, mfumo wa umiliki wa ardhi wa Buganda, kuna mwenye hati na kuna mwenye kibanja, yaani anayeishi na kulima hapo bila hati, na wote wawili wana haki kwenye kipande hichohicho. Malipo yaliyopita kwa mmoja na kumruka mwingine huishia mahakamani. Acholi, Lango na West Nile, sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila na haina hati. Ukimlipa kaka mmoja, ndugu zake wengine, na hasa mjane aliyebaki shambani, wataweka magogo njiani. Ita wazee wa ukoo wakae mbele ya kamati kabla ya malipo, na majina yote yaandikwe.

Tiba: acha tabia ya kukabidhi barabara nzima kwa sherehe moja. Kabidhi kwa sehemu, kwa maandishi, kila sehemu na tarehe yake, na upange na mkandarasi ratiba mpya inayofuata sehemu zilizo huru. Kama umechelewa kukabidhi, mwongezee muda bila kungoja aombe mara ya tatu. Wengi huogopa barua ya kuongeza muda wakidhani inamtetea mkandarasi. Inamlinda mwajiri. Mwajiri akichelewesha kazi halafu akakataa kuongeza muda, anaweza kupoteza kabisa ile tarehe ya kumaliza, na pamoja nayo haki ya kutoza fidia ya ucheleweshaji hata pale ambapo mkandarasi kweli amezembea.

Kisababishi cha pili ni malipo, nacho kina sehemu yake hapa chini. Cha tatu ni michoro na maagizo. Fungua daftari la barua uhesabu maombi ya maelekezo ambayo mhandisi mshauri hajayajibu. Kalavati moja lisilo na mchoro linaweza kusimamisha tuta la kilomita nzima, maana huwezi kushindilia udongo halafu uuchimbe tena.

Cha nne ni mvua. Kusini mwa nchi kuna misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kaskazini mvua huwa na msimu mmoja mrefu. Mvua ya kawaida ya msimu siyo sababu ya kuongezewa muda, kwa kuwa mkandarasi alipaswa kuiweka kwenye ratiba. Linganisha vipimo vya mvua vya eneo la kazi na wastani wa miaka iliyopita kabla ya kukubali au kukataa.

Cha tano ndicho mkandarasi mwenyewe. Hesabu mitambo iliyopo dhidi ya orodha aliyoiweka kwenye zabuni. Tazama tangi la dizeli. Waulize vibarua, kwa upole na mbali na bosi wao, walilipwa lini mara ya mwisho. Mkandarasi aliyehamisha greda zake kwenda mradi mwingine hujulikana hapo. Sasa ndipo unapoandika notisi ya kurekebisha chini ya kifungu cha 15.1, ukitaja kosa na siku alizopewa.

*Simama uite mwanasheria* ukipokea notisi ya siku 21 ya kusimamisha kazi chini ya kifungu cha 16.1. Usiijibu kwa hasira wala kwa simu. Siku hizo zinahesabiwa.

Dalili ya 2: Hati za malipo zinalala, riba inapanda

Chini ya masharti haya, mhandisi mshauri ana siku 28 kutoa hati ya malipo tangu apokee maombi ya malipo, na mwajiri ana siku 56 kulipa, zikihesabiwa tangu mhandisi alipoyapokea maombi hayohayo. Wengi huhesabu siku 56 tangu hati ilipoingia wizarani. Hesabu hiyo imezaa riba nyingi.

Na riba yenyewe? Kifungu cha 14.8 kinaiweka kwenye kiwango cha punguzo cha benki kuu ukiongeza asilimia 3, nayo hulimbikizwa kila mwezi. Tuseme jumla imefika asilimia 15 kwa mwaka. Hati ya shilingi bilioni 5 ikichelewa miezi sita, umma utalipa karibu milioni 387 juu yake. Hapo hakuna hata kalavati moja lililojengwa.

Kisababishi kikubwa: mikataba iliyosainiwa ni mingi kuliko fedha zilizopo. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, fedha zinatolewa kwa robo, na mkandarasi mwenye kasi anaweza kumaliza mgao wa mwaka mzima kabla ya Krismasi. Ukaguzi wake ni mwepesi na haufanywi vya kutosha. Chukua ratiba ya kazi, ibadilishe iwe ratiba ya fedha kwa kila robo, na uilinganishe na mgao. Pengo utaliona miezi kabla halijakuuma. Upande wa pili wa kalenda kuna hasara nyingine: fedha ambazo hazijatumika hadi Juni 30 hurudi hazina, hivyo hati iliyokaa mezani Mei na Juni kwa sababu ya saini moja hupoteza nafasi yake.

Kisababishi cha pili ni hati yenyewe kuwa na kasoro: karatasi za vipimo hazijasainiwa na pande zote mbili, majibu ya maabara hayakuambatishwa, makato ya malipo ya awali hayakufanywa, au ankara ya EFRIS (mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato) haipo. Weka orodha ya viambatisho kwenye jalada la mbele, na uikatae hati pungufu siku ileile inapofika, kwa maandishi. Kuipokea na kunyamaza wiki tatu ni kosa letu.

Cha tatu ni idhini ya mfadhili iliyochelewa. Cha nne ni kigumu kukisema lakini kipo: mtu ameikalia hati akingoja "chai". Fuatilia hati kwa daftari linaloonyesha iliingia kwa nani, tarehe ipi, ikatoka lini. Ikibaki kwenye meza moja kila mara bila sababu iliyoandikwa, mpelekee afisa masuuli. Akinyamaza, Ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali ina mamlaka ya kuchunguza.

Tiba: lipa kwanza hati iliyozeeka zaidi. Kama kuna kipengele kinachobishaniwa, kitenge na ulipe kilichobaki. Keti na mkandarasi muandikiane mpango wa malipo wenye tarehe. Na kama wewe una sauti katika kupanga bajeti, pinga kusaini mkataba mpya wakati hati za zamani zinakula riba. Kilomita 50 zilizokamilika zina faida kwa mkulima wa Kiryandongo kuliko kilomita 200 zilizoanzishwa zikaachwa na matuta ya udongo.

*Simama* pale unapofikiria kumwomba mkandarasi asaini barua ya kusamehe riba ili alipwe haraka. Hilo linahitaji mwanasheria. Angalia pia tarehe ya hatari: siku 42 baada ya muda wa malipo kupita, kifungu cha 16.2 kinamruhusu mkandarasi kuuvunja mkataba.

Dalili ya 3: Bei ya mradi inapanda kila baada ya miezi michache

Watu husema "wameiba". Wizi upo, lakini anza na vipimo. Usanifu wa barabara ukikaa kabatini miaka minne kabla ya kazi kuanza, barabara iliyopo si ile iliyopimwa. Moramu (udongo wa changarawe) ya juu imeondoka, mitaro imekuwa makorongo, na bwawa la mafunjo lililodhaniwa lina kina cha mita moja na nusu linameza mawe hadi mita nne. Kazi ikifika asilimia 20, linganisha idadi zilizopimwa na zile za orodha ya kazi na bei, hasa katika kazi za udongo, mwamba na ujazaji wa mabwawa. Makosa makubwa yamejificha kwenye mistari hiyo mitatu, na ukiyaona mapema bado unaweza kubadilisha usanifu.

Kisababishi kinachofuata ni maagizo ya mdomo. Mgeni mheshimiwa anakuja, anaomba tawi la mita 800 hadi kituo cha biashara au kanisani, mkandarasi anaitikia, na mwezi ujao linatokea kwenye hati. Hakuna agizo la maandishi la mhandisi, hakuna kazi ya ziada. Mweleze mgeni kwa heshima zote, na umwonyeshe ukurasa.

Fomula ya marekebisho ya bei nayo hukosewa. Kagua vitu vitatu: tarehe ya msingi (siku 28 kabla ya mwisho wa kupokea zabuni), fahirisi zinazotumika (zile za UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, kwa sehemu ya shilingi, kama mkataba unavyosema), na ile sehemu isiyorekebishwa, ambayo mara kwa mara husahaulika. Dizeli ilipopanda mwaka 2022, marekebisho halali yalikuwa makubwa. Kosa dogo ndani yake likawa na uzito mkubwa pia. Mkandarasi aliyepitisha muda wa kumaliza kwa uzembe wake hafaidi kupanda kwa bei baada ya hapo. Kifungu cha 13.8 kinachagua hesabu iliyo nafuu kwa mwajiri.

Mwisho ni madai. Mkandarasi ana siku 28 tangu alipojua tukio kutoa notisi, vinginevyo anapoteza haki. Mhandisi naye ana siku 42 za kujibu dai lenye maelezo kamili. Msimamizi anayehesabu siku za mwenzake na kusahau zake hushangaa mbele ya bodi ya usuluhishi.

*Simama* kabla ongezeko halijavuka mipaka ya kanuni za ununuzi. Kamati ya mikataba na Mwanasheria Mkuu wa Serikali wanatakiwa kabla ya kazi kufanyika. Kuagiza kwanza na kutafuta idhini baadaye ndiyo hoja ambayo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huikuta kirahisi, na jina lililoko chini ya agizo ni lako.

Dalili ya 4: Lami inachimbika kabla ya mwaka kuisha

Kwanza maji. Mara nyingi ni maji. Vaa buti uende mvua inaponyesha, siyo kesho yake. Tazama kama maji yanatembea kwenye mtaro au yamesimama, kama mdomo wa kalavati umezibwa na udongo na chupa za plastiki, kama mwenye duka amejaza mtaro ili apate njia ya kuingilia dukani. Mashimo yanayojipanga ukingoni yanaonyesha maji yanayoingia kutoka pembeni. Mashimo ya katikati yenye matope ya rangi ya moramu yanaonyesha kwamba maji yamefika kwenye tabaka la chini. Ukiziba shimo hilo kwa lami bila kushughulikia mtaro, utarudi msimu ujao.

Pili, ushindiliaji na udongo. Alama za magurudumu zilizozama na nyufa zinazofanana na ngozi ya mamba kwenye njia ya gurudumu la nje zinakuelekeza huko. Ukaguzi wa shambani ni DCP, ile fimbo ya chuma inayopigwa kwa nyundo ya kilo 8. Inaingia haraka mahali palipo laini, na kwa saa chache utakuwa na picha ya kilomita kadhaa. Kisha chimba shimo la majaribio, upime uzito wa udongo mahali pake, uulinganishe na kile ambacho maabara ilikiandika wakati wa ujenzi. Kama vitabu vinasema asilimia 98 kila mita 50, bila hata jaribio moja lililoshindwa kwa miezi sita, usiviamini. Hakuna mradi usioshindwa jaribio. Karamoja kuna nyongeza: udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo hauponi kwa kushindilia tu. Ni kuuondoa, au kuufunika kwa unene wa kutosha na kuuwekea mifereji mizuri.

Tatu, mizigo. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2013 ya udhibiti wa uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu pacha. Ekseli iliyozidi kwa asilimia 20 huumiza barabara takriban mara 2. Kabla hujayalaumu malori ya Malaba au ya miwa ya Kakira na Lugazi, pima pia malori ya mkandarasi yanayobeba kokoto zake. Hayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kuvunja kazi yake mwenyewe.

Nne ni lami yenyewe: imepikwa kupita kiasi, imemwagwa juu ya vumbi, au kokoto zake zilikuwa chafu. Kokoto zinazong'oka na kujikusanya ukingoni, au uso unaong'aa na kutoa jasho jeusi mchana wa jua, ni ishara zake.

Tiba inaanza na karatasi. Kipindi cha uangalizi, ambamo mkandarasi hurekebisha kasoro baada ya kukabidhi kazi, kwa kawaida ni siku 365. Kila kasoro iandikwe, ipigwe picha yenye nambari ya kilomita, na notisi imfikie mkandarasi kabla kipindi hakijaisha. Usimruhusu aweke viraka juu ya tabaka bovu ili apite ukaguzi. Afukue hadi panapokataa. Na usiachie fedha za zuio (zile zilizokatwa kwenye malipo yake kama kinga) hadi pale kazi zilizoorodheshwa zikubaliwe.

*Simama mara moja* ukiona ufa mpya kwenye nguzo au boriti ya daraja, tuta linalotitia kwenye maingilio ya daraja, au maji yanayochimba pembeni ya kalavati kubwa. Funga njia, ita polisi wa barabarani, na umwite mhandisi wa miundo. Mei 2023 mafuriko ya Katonga yalikata barabara ya Kampala–Masaka, na magari ya kusini-magharibi yakalazimika kuzunguka kwa njia za ndani. Maji hayangoji kibali cha kamati, nawe usingoje pale maisha ya watu yako hatarini.

Dalili ya 5: Wananchi wamefunga njia

Usianze kwa kuita askari. Nenda mwenyewe, salimia, kaa, na muulize mzee au mama aliye mbele kabisa ni nini hasa. Kwa kawaida ni fidia (rudi dalili ya 1). Kisha vumbi, hasa Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti: gari la maji halijapita siku tatu, na mihogo iliyoanikwa imekuwa nyekundu. Kisha lango la nyumba lililoachwa juu ya mtaro wa mita moja, ambapo mzee hawezi kutoka wala boda boda kuingia. Kisha shimo la kuchimbia moramu lililoachwa wazi likajaa maji, karibu na shule. Vibarua wasiolipwa nao hufunga njia. Yote haya yana dawa ndani ya wiki moja, na mkataba karibu daima tayari una mstari wa bei wa kuyalipia.

Kuna moja lisilo la wiki moja. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi uliokuwa na barabara ya kilomita 66 kati ya Kamwenge na Fort Portal, baada ya wasichana wadogo kudhulumiwa kingono na wafanyakazi wa ujenzi. Wazazi walikuwa wamelalamika. Msimamizi anayesikia habari ya namna hii, hata kama ni fununu iliyonong'onwa na mwalimu wa kike, hana ukaguzi rahisi wa kuanza nao, wala asimhoji mtoto yeye mwenyewe. *Hapo ni kusimama na kuita*: polisi wa kitengo cha mtoto na familia, afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na hospitali, siku hiyohiyo. Baadaye mwandikie mkandarasi na mfadhili. Mazungumzo ya "tumalizane nyumbani" kati ya msimamizi wa kambi na familia yasipewe nafasi hata dakika moja. Barabara haina thamani ya mtoto.

Dalili ya 6: Dhamana ya benki ina shaka

Usimwulize aliyeileta kama ni halali. Iandikie benki yenyewe, makao makuu, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe na siyo iliyochapishwa kwenye dhamana, na usilipe malipo ya awali hadi jibu la maandishi lirudi. Kwenye barabara ya Mukono–Kyetume–Katosi–Nyenga, zaidi ya shilingi bilioni 24 zililipwa kwa kampuni iliyojitangaza kuwa ni ya Marekani nayo haikuwa hivyo, juu ya dhamana za kughushi. Barua moja kwa benki ingeligundua hilo. Kagua pia tarehe ya mwisho ya dhamana kila robo, kwa sababu muda wa mradi unapoongezwa dhamana haijiongezi yenyewe. *Ukikuta ya kughushi*, usimrudishie mwenyewe. Ifungie kwenye kabati na uwape polisi na PPDA nakala.

Dalili ya 7: Mkandarasi ametoweka

Kambi imebaki na mlinzi mmoja. Kabla ya kutamka "kuvunja mkataba", soma tena dalili ya 1 na ya 2. Kama hajalipwa miezi saba, pengine yeye ndiye mwenye haki ya kuondoka, na ukimfukuza vibaya utamlipa yeye na mrithi wake. Kama una hakika kosa ni lake, notisi ya kurekebisha lazima itangulie, muda wake upite, ndipo notisi ya siku 14 ya kifungu cha 15.2 ifuate.

Ukifika hapo, kazi hii si ya mhandisi peke yake. Mwanasheria aandike kila barua. Wewe fanya yaliyo yako siku hiyohiyo: pima kazi yote iliyofanyika, na mwakilishi wake akikataa kuja, pima mbele ya mashahidi. Piga picha kila kilomita. Orodhesha mitambo, kokoto na mabomba ya kalavati yaliyopo, na uajiri walinzi wako mwenyewe usiku huo. Hakikisha dhamana ya utekelezaji haijaisha muda, na uidai benki kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Kisha zungushia uzio mashimo yaliyo wazi, weka vibao na taa kwenye michepuko, kwa sababu pikipiki zitaendelea kupita hapo usiku huo kama kawaida.